Wageni wanafunzi wanakuja kujenga darasa: mwongozo kwa kamati za shule mkoani Tanga

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakuwaona wageni wetu wa Julai: vijana wa miaka kumi na saba, mabegi makubwa kuliko migongo yao, usingizi wa ndege bado machoni, na neno lao la kwanza baada ya "jambo" ni kuuliza koleo liko wapi.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya mwambao, upande wa barabara ya Tanga kwenda Pangani. Katika miaka yangu tulipokea makundi matatu ya wanafunzi kutoka Ulaya na Marekani waliokuja kusaidia ujenzi. La kwanza lilituachia ukuta uliopinda na maneno mengi kijijini. La pili lilikwenda nusu nusu. La tatu lilikuta kazi imepangwa, likafanya yake, likaaga, na darasa lile limejaa watoto hadi leo. Sasa nimestaafu, lakini kila kamati ya jirani ikipata barua kutoka nje simu yangu inalia. Nimeona bora niyaandike.

Nawaandikia wenyeji. Mgeni ana miongozo yake kwao, ya chanjo na ya nguo za kubeba. Hii ni ya anayebaki na jengo.

1. Amueni mnachohitaji kabla ya kujibu barua

Barua huwa tamu. Wanafunzi kumi na wawili na walimu wao wawili, wiki tatu, wangependa "kujenga shule". Kamati inasoma mara moja, mwenyekiti anasema alhamdulillahi, na jibu linaondoka jioni hiyohiyo. Subirini kwanza.

Uhaba wa madarasa ni wa kweli, hakuna wa kubisha. Tangu michango ya lazima ifutwe mwaka 2016 watoto wamemiminika, na kile kiwango cha wanafunzi 45 kwa chumba mimi nilikuwa nakiona kwenye karatasi tu. Vijijini kuna maboma: kuta zilizoinuliwa kwa nguvu za wananchi, zikangoja bati mpaka mpapai ukaota ndani. Lakini pigeni hesabu kidogo. Mwaka 2021 Serikali ilipochukua zile shilingi trilioni 1.3 za UVIKO-19 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), yalijengwa madarasa 15,000 kwa milioni 20 kila moja. Vifaa vimepanda tangu hapo, ila shikeni hiyo milioni 20 iwe kipimo. Sasa kadirieni tiketi ya kwenda na kurudi milioni 2 kwa kichwa. Watu kumi na wanne, milioni 28. Nauli peke yake ni darasa zima na msingi wa la pili.

Fundi wetu aliponikuta nikiandika hesabu hiyo ubaoni alicheka. "Mwalimu, si watume hela tu, wao wabaki kwao wapumzike?"

Swali lake ni zuri, na msomaji asidhani nalikwepa. Nilimjibu hivi: hela hiyo haipo bila safari. Mzazi wa kule halipii darasa la Pangani, analipia safari ya mwanawe. Wanafunzi wenyewe huoka keki wakauza, huosha magari ya majirani, hukimbia mbio za hisani, kwa sababu mwisho wake kuna ndege. Ukiiondoa ndege, na keki haziokwi. Kwa hiyo kamati isipoteze muda kulalamikia nauli ya watu. Shughuli yenu ni kuhakikisha kwamba fungu la maana linafika kwenye saruji, bati na mishahara ya mafundi, na kwamba mikono ya wageni haiharibu kilichonunuliwa kwa fungu hilo.

Basi kaeni kikao, muandike majibu ya maswali matatu. Tunahitaji nini hasa? Kundi hili linaleta shilingi ngapi za ujenzi, mbali na nauli na chakula chao? Na wasipotokea kabisa, kazi hii tunaweza kuimaliza wenyewe, hata kwa kuchelewa? Jibu la swali la tatu likiwa hapana, msianze. Mlango wa ndege ukifungwa, kama ulivyofungwa mwaka 2020 kwa korona, mtabaki na msingi unaofuga vyura.

Na kuhusu swali la kwanza: fikirieni vyoo. Kipimo ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Hesabuni matundu yenu leo. Wageni hupenda darasa kwa sababu linapendeza kwenye picha, choo hakina mvuto. Lakini sisi kundi la pili tuliliomba vyoo vya wasichana, tukawaeleza sababu bila kuona haya, na mwalimu wao wa kike ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali.

2. Vibali, kabla ya tiketi

Shule ya umma si mali ya kamati. Barua ya wageni ipitie kwa mtendaji wa kijiji, ofisa elimu kata, kisha Mkurugenzi wa Halmashauri. Ramani itoke kwa mhandisi wa halmashauri. Msikubali ramani ya kuja nayo, hata ichorwe kwa rangi saba. Kundi moja lilituletea mchoro wa darasa la paa bapa, la kuvunia maji. Kwetu, masika inavyonyesha!

Upande wa Uhamiaji, hili lisemwe wazi kwenye barua yenu ya kwanza kabisa: visa ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya kujitolea, hata ya kubeba ndoo. Wanaokuja kujitolea kwa muda mrefu huombewa kibali cha ukaazi daraja C. Wa wiki mbili au tatu, nendeni Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa mjini Tanga mkiwa na orodha ya majina na shughuli zao, mwelezwe ni visa gani inawafaa, mpeleke jibu hilo kwa wageni kabla hawajanunua tiketi. Maombi hufanyika mtandaoni, kwa hiyo kila mmoja anayamaliza akiwa kwao. Msimruhusu wakala yeyote wa huko nje kuwaambia vijana "semeni mnakuja kuona wanyama". Akikamatwa mtoto wa watu na karai la zege kichwani akiwa na visa ya mtalii, atakayeulizwa ni wewe mwenyeji.

Waambieni pia kuhusu cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka au kukaa zaidi ya saa 12 uwanja wa ndege wa nchi yenye ugonjwa huo. Na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, wafungashe nguo zao kwa kitu kingine.

3. Pesa

Hapa ndipo urafiki hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kundi letu la kwanza lilipitia kwa kampuni moja ya safari za kujitolea ya nje. Vijana walikuwa wamelipa fedha nyingi, kila mmoja akiamini zimekwenda kwetu. Siku ya nne binti mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa, kwa nini saruji imeisha ilhali wamelipa vile. Nilimwonyesha daftari la mapokezi. Kilichotufikia kilikuwa mifuko ya saruji, rangi, na posho ya fundi mmoja. Yule binti aliketi kwenye rundo la kokoto akalia. Mimi nilikuwa na aibu ambayo haikuwa yangu.

Tangu siku hiyo nataka mambo manne yaandikwe kabla ya yote. Kiasi cha fedha ya ujenzi kitajwe kwa shilingi. Fedha hiyo iingie kwenye akaunti ya benki ya shule, kamwe isipite mkononi mwa mwalimu mkuu, wala kwenye simu ya mwenyekiti, wala kwa "mwenyeji wao" wa mjini. Iingie si chini ya miezi miwili kabla ya kundi kufika, kwa sababu nitakazozieleza kwenye ratiba. Na hesabu zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu, mbele ya watu wote, wageni nao wapelekewe nakala.

Undeni kamati tatu kama inavyofanyika kwenye miradi ya Serikali ya kutumia mafundi wa kawaida: ya manunuzi, ya mapokezi, na ya ujenzi. Anayenunua asiwe anayepokea. Mfuko wa saruji ukishuka kwenye gari uhesabiwe na mtu ambaye hakwenda dukani. Saruji yenyewe si taabu kwetu, kiwanda kiko Pongwe hapo. Taabu ni mifuko inayotembea usiku.

Kisha lipo suala la vibarua. Vijana kumi na wawili wa Kizungu wanaochanganya zege bure ni vijana kumi na wawili wa kijijini waliokosa kibarua cha wiki tatu. Mwaka wa kwanza hatukulifikiria, tukasikia minong'ono kijiweni: "Mwalimu kaleta wafanyakazi wanaomlipa yeye." Dawa yake ni kuliweka kwenye makubaliano. Kila mgeni afanye kazi sambamba na kijana mmoja wa kijijini, na kijana huyo alipwe ujira wa kawaida wa saidia fundi kutoka fedha ya ujenzi. Kazi inakwenda mara mbili, mgeni anapata wa kumfundisha kushika koleo, na kijiwe kinanyamaza.

4. Ratiba: masika, likizo na siku za zege

Likizo ndefu ya Ulaya na Marekani inaangukia Juni hadi Agosti. Kwetu ni kipupwe, masika imekwisha, kusi inavuma, jua halichomi sana. Huo ndio wakati wa kujenga. Kundi linalotaka kuja Aprili liambieni hapana. Linalotaka Novemba liulizeni kama linaipenda vuli. Angalieni pia Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma siku kama kumi na moja. Si haki kumtaka fundi aliyefunga abebe tofali na mgeni anayekunywa maji mbele yake kila dakika kumi.

Sasa kosa ambalo kila kamati hulifanya: kupanga kwamba wageni watajenga kuanzia msingi hadi paa ndani ya wiki tatu. Zege haijui tarehe ya ndege. Tofali la saruji linapotoka kwenye kibao linatakiwa kumwagiliwa na kukaa kivulini si chini ya siku saba, na likikaa zaidi ndiyo bora. Zege ya lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, inahesabiwa siku 28 kufikia nguvu yake. Ukimlazimisha fundi avue mbao mapema kwa sababu watoto wa watu wanataka picha ya paa, umejenga kaburi.

Ratiba iliyotufaa ilikuwa hii. Mwishoni mwa Mei, mvua ikianza kukata, tunanunua mchanga na kokoto na kufyatua matofali. Mchanga uwe wa mto au wa shimo. Bahari iko hatua mia mbili na mchanga wake ni wa bure, najua, lakini chumvi yake hula nondo ndani kwa ndani, na baada ya miaka michache lenta inapasuka kama mkate. Mwanzoni mwa Juni mafundi wanachimba na kumwaga msingi. Wageni wanafika mwanzoni mwa Julai, wanakuta msingi umekauka na matofali yamepangwa tayari kwa kubebwa. Wanapandisha kuta na mafundi, wanajaza kifusi na kukishindilia, wanaondoka. Lenta, kenchi (fremu za mbao za paa), papi (mbao za kupigilia bati) na bati ni Agosti, kazi ya mafundi peke yao. Watoto wanaingia Januari.

Jambo moja dogo la kalenda: jaribuni siku za mwanzo za kundi ziangukie kwenye likizo yetu, na zilizobaki shule ikiwa imefunguliwa. Likizoni eneo la ujenzi halina watoto wa kukanyaga misumari. Lakini kundi lisilomwona mwanafunzi hata mmoja huondoka limenuna, na sielewi ningewalaumu vipi.

5. Nani ashike mwiko

Mwaka 2014 msichana mmoja wa Kimarekani aliandika makala iliyosomwa sana duniani. Alieleza jinsi yeye na wenzake wa sekondari walivyokuja Tanzania kujenga maktaba kwenye kituo cha watoto yatima, na jinsi mafundi walivyokuwa wakibomoa usiku matofali waliyoyapanga mchana, wakayapanga upya kabla hawajaamka. Niliposimuliwa habari hiyo nilicheka peke yangu, maana kwetu ilitokea vilevile, tofauti ni kwamba sisi tulichelewa kubomoa.

Ilikuwa siku ya sita. Tuliwapa wageni ukuta wa upande wa mashariki, wao na miko yao mipya waliyokuja nayo. Walikuwa na bidii ya ajabu, tena wakiimba. Fundi wetu, mzee ambaye amejenga nusu ya misikiti ya pwani ile, alikuwa upande wa pili. Jioni akaja na timazi lake, akalining'iniza, akatazama, akalitazama tena. Kisha akaniita pembeni.

"Mwalimu, ukuta huu unaangalia Pemba."

Na kweli ulikuwa umeinamia baharini kama abiria wa jahazi. Niliona haya kuwaambia wageni. Nikasema tutaurekebisha kwenye plasta. Plasta ikala saruji ya chumba kizima, na ufa ukatokea baada ya masika ya kwanza. Haya yangu iligharimu zaidi ya ukuta wenyewe.

Kwa hiyo, kanuni: wageni ni saidia fundi. Mwiko, pimamaji, kamba na timazi hubaki kwa fundi. Yasemeni hayo kwenye barua, na yarudieni siku ya kwanza kwenye eneo, fundi mwenyewe akiwa amesimama mbele. Vijana hawakasiriki. Wanaokasirika ni watu wazima waliowaahidi vijana kwamba "watajenga shule kwa mikono yao".

Kazi za kuwapa zipo tele: kubeba matofali kwa mnyororo wa mkono kwa mkono, kuchekecha mchanga, kuchota na kumwagilia, kuchanganya udongo wa kujengea kwa kipimo alichotoa fundi, kujaza kifusi na kushindilia kabla ya jamvi (zege la sakafu), kupiga msasa madawati ya zamani na kuyapaka vanishi, kupaka rangi madarasa yaliyopo, kupanda miti ya kivuli. Ukuta mmoja wa mita 9 kwa urefu na 3 kwenda juu unakula matofali kama 270, na kila tofali lazima mtu alibebe. Hapo ndipo mikono ishirini na minne ya ziada inapoonekana.

Anayetaka sana kujaribu mwiko, mpeni ukuta wa kujifunzia. Sisi kundi la tatu tuliliwekea kibanda cha kuhifadhia kuni za jiko la shule. Kimepinda, kinapendwa, na hakuna mtoto anayesomea ndani yake.

Kazi zisizo zao hata wakilia: kupanda kenchi, kuezeka, kuchimba shimo la choo, kukata nondo kwa mashine, umeme. Mtoto wa mtu mmoja akianguka kutoka kwenye kenchi, darasa halitamaliziwa na wewe hutalala. Saruji nayo inachubua ngozi, hasa ya mikono isiyoizoea. Wavae glovu na viatu vya kufunika, wasipige zege na ndala. Saa za kazi kwetu zilikuwa saa moja asubuhi hadi saa sita, kisha saa tisa hadi kumi na moja. Ijumaa tulifunga saa tano, wanaoswali waende msikitini kwa utulivu.

Jumamosi moja ifanyeni ya kijiji kizima, ile kazi ya pamoja ambayo wenzetu wa milimani Usambaa na Upare huiita msaragambo. Wazazi wanakuja na majembe, akina mama wanapika, wageni wanaona kwamba shule ilikuwa inajengwa kabla yao na itajengwa baada yao. Siku hiyo huzaa kazi kuliko siku tatu za kawaida, ingawa nusu ya watu huwa wamekuja kuwatazama Wazungu.

6. Walale wapi, wale nini

Msiwalaze madarasani kwa kuona mnapunguza gharama. Nyumba ya wageni yenye maji na vyandarua, au nyumba za walimu kama zipo na zina nafasi. Kila kitanda na chandarua chake, pwani ni malaria. Maji ya kunywa yawe ya kuchemsha au ya chupa. Jueni zahanati iliyo karibu inafunguliwa saa ngapi, gari gani litampeleka mtu hospitali ya Bombo usiku, na nani ana namba ya dereva. Yaandikeni kwenye karatasi, muibandike ukutani.

Chakula apewe mama lishe wa kijijini kwa mkataba, si kampuni ya mjini. Asubuhi chai na maandazi au mihogo, mchana wali na maharage au samaki wa siku hiyo, machungwa ya Muheza msimu ukiwa nayo. Bada, ugali wetu wa muhogo, wapeni mara moja ili wajue. Atakuwepo mmoja asiyekula nyama na mmoja asiyekula karanga. Huyo wa karanga si madeko, anaweza kufa, na mama lishe aelezwe kwa msisitizo huo.

Mavazi yasemwe mapema: mabega na magoti yafunikwe kijijini, nguo za kuogelea zibaki ufukweni. Wageni wa kike wengi hununua kanga siku ya pili na tatizo linaisha. Wafundisheni "shikamoo" kabla ya kitu kingine chochote. Mzee aliyesalimiwa vizuri na kijana wa Kizungu atawatetea kwenye mkutano wa kijiji bila kuombwa.

Siku ya mapumziko wapelekeni Mapango ya Amboni au magofu ya Tongoni. Kwenye mafungu ya bahari ya huku, karibu na Tongoni, ndiko Vasco da Gama alikoichoma merikebu yake ya São Rafael mwaka 1499, na vijana wa Ulaya hupenda kusikia kwamba wao si wageni wa kwanza kutoka kwao kupata matatizo ya usafiri Tanga.

7. Watoto, picha na pipi

Mgeni asibaki peke yake na mtoto, awe darasani, chooni, wala kwenye gari. Hata kama ana umri wa miaka kumi na saba na uso wa malaika. Mwalimu wetu mmoja awepo daima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mwanafunzi wako, na inakuhusu wewe uliyemfungulia mgeni lango. Kundi likikataa kusaini kanuni hizi, likatafute shule nyingine.

Wasishike vipindi. Kijana aliyemaliza mwaka wa kumi wa shule kwao si mwalimu wa hesabu wa darasa la sita, kama ambavyo kijana wetu wa kidato cha pili hangepewa darasa London. Michezo ya jioni, nyimbo, mpira, sawa kabisa.

Picha: jengo, mafundi waliokubali, wao wenyewe. Mtoto apigwe kwa ridhaa ya mzazi, na akiwa amevaa vizuri. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtoto na jina la shule yake ni taarifa. Niliwahi kuonyeshwa picha ya mwanafunzi wangu mtandaoni, kamasi zinatoka, chini yake ombi la michango. Baba yake ni mvuvi mwenye mashua mbili. Nilishindwa kumtazama machoni wiki nzima.

Pipi na kalamu za kurusha kutoka dirishani, marufuku. Siku ya kwanza zinaleta vifijo, siku ya tatu zinaleta ngumi, na mwaka unaofuata kila mgeni anayepita njiani anadaiwa. Zawadi zote zipokelewe ofisini, ziandikwe kwenye leja, zigawiwe na walimu. Kompyuta kuukuu zisizo na chaja mzikatae kwa barua ya shukrani.

8. Siku ya kuaga, na baada yake

Tanga tunasema waja leo, waondoka leo. Tunasema hivyo tukijua kwamba mgeni hukaa. Hawa kweli huondoka, na tarehe yao haisogei. Msipange uzinduzi wa darasa siku hiyo kama darasa halijaisha. Kibao cha "limejengwa na" kikiwekwa kwenye boma lisilo na bati huwa dhihaka ya muda mrefu. Siku ya kuaga fanyeni chai, watoto waimbe, mwenyekiti aseme maneno machache. Machache kweli.

Kabla gari halijaondoka, hesabuni vifaa. Koleo, toroli, sululu na makarai yaliyonunuliwa kwa fedha ya ujenzi ni mali ya shule, yaingie kwenye leja ya stoo mbele ya mashahidi. Saruji iliyobaki itumike ndani ya wiki chache. Ikikaa miezi mitatu kwenye stoo ya pwani inaanza kugeuka jiwe, na hakuna atakayekubali kwamba yeye ndiye aliyeisahau.

Bati msibane matumizi. Upepo wa bahari unakula bati jembamba haraka. Chukueni geji 28, muiache ya 30, na kumbukeni kwamba kwenye geji namba ndogo ndiyo nene. Muuza duka hatawakumbusha.

Baada ya kuezeka watumieni wageni barua moja: nakala za risiti, picha ya jengo, na tarehe watoto walipoingia. Kama kuna kilichokwenda kombo kiandikeni. Kundi la tatu tuliliandikia kwamba milango miwili ilichelewa kwa sababu mbao zilikuja mbichi, na mwalimu wao akajibu kwamba ni barua ya kwanza ya namna hiyo kuipata, akauliza milango inahitaji kiasi gani.

Na fundi asilipwe vyote. Zuieni asilimia 10 ya ujira wake mpaka masika ya kwanza ipite juu ya jengo, na mkubaliane hivyo tangu mwanzo, kwa maandishi, asije akaona ni dhuluma. Mzee wetu alinung'unika miezi minane. Juni ilipofika alipanda juu ya bati mwenyewe, akakaa huko asubuhi nzima, akashuka na misumari minne iliyolegea mfukoni, akaniwekea mezani, kisha ndipo akauliza bahasha yake iko wapi.